Kurasa za Hamdan

"Na huu?" aliuliza Usama.

"Huu wa Hamdan pia."

Usama akautia ukurasa alama nyekundu, akafungua mwengine.

Laila, muuguzi wa kituo kidogo cha afya kijijini Vitongoji, alikuwa amekaa kwenye benchi la chanjo kando ya kompyuta. Akina mama walikuwa wameshaondoka na watoto wao. Usama, fundi wa kompyuta kutoka Wete, alikuwa rafiki wa marehemu mumewe. Kila alama nyekundu ilipotokea, Laila alihisi kama mtu anazitoa nguo za Hamdan sandukuni.

Kituo kilitumia programu huria ya kuandikisha chanjo, iliyo wazi kwa yeyote kuitumia na kuibadilisha. Maelezo yake ya Kiswahili yalikuwa kwenye wiki, yaani kurasa za mtandaoni ambazo watumiaji wenyewe huziandika na kusahihishana. Nyingi aliziandika Hamdan, aliyekuwa karani wa kituo. Sasa wenye programu walitaka kurasa hizo zifungashwe pamoja nayo, zisomeke hata pasipo mtandao.

"Mbona wazifuta, shemegi?"

"Sizifuti, naziweka kando. Programu ina leseni. Leseni ni ruhusa iliyoandikwa: watu watumie vipi, kwa masharti gani. Lakini leseni hiyo haizifikii kurasa za wiki. Tulipoifungua wiki hatukuandika ruhusa yoyote. Tulijuana sote, tukaona yatosha."

"Basi kurasa ni za nani?"

"Kila aliyeandika ana haki ya maneno yake. Walio hai nimewauliza, wamekubali. Haki ya Hamdan imeingia kwenye mirathi."

"Mie mkewe nakubali. Andika."

"Umerithi peke yako?"

"Na mama yake, yuko kisiwani Kojani. Na mwanangu Abrahman." Alipolitaja jina la mtoto, sauti ilimshuka. "Hebu niambie kwanza. Ruhusa hiyo inatoa nini?"

"Jina la Hamdan linabaki. Mtu yeyote atasoma, atanakili, atabadilisha. Akibadilisha, aseme kuwa amebadilisha, naye azitoe kurasa kwa ruhusa ile ile."

"Na akiuza?"

Usama hakumficha. "Anaweza. Ila hawezi kumzuia mwengine kuzitoa bure. Na ruhusa ikishatolewa, hairudi."

"Wanipa dawa chungu bila sukari, Usama."

"Nikitia sukari utanilaumu baadaye."

Laila alitazama alama nyekundu. "Fungu langu natoa. La yatima siligusi mpaka nimuulize kadhi."

"Ndivyo. Kesho nitavuka Kojani kwa mama, nawe uende kwa kadhi. Lakini toleo jipya la programu linatoka Ijumaa, halitungoji."

"Litoke bila maelezo? Muuguzi mgeni akikosea, mtoto mmoja ataandikishwa mara mbili. Atachomwa mara mbili."

"Njia ipo. Namna ya kuandikisha mtoto haina mwenyewe. Maneno ya Hamdan ndiyo yenye mwenyewe. Kazi hii waijua. Ieleze kwa maneno yako, bila kutazama ya kwake."

Usama akafungua ukurasa mpya. Kabla ya lolote, aliandika juu yake ruhusa na masharti, akaweka mahali pa kukubali. Tangu hapo hakuna ambaye angeandika kwenye wiki bila kukubali kwanza. Laila aliisoma ruhusa polepole, akairudia, akakubali.

Kisha akaandika: *Tafuta kwanza jina la mtoto. Muulize mama na jina la nyumbani, huenda aliandikishwa kwa hilo.*

Usama alikata mtandao, akaufungua ukurasa. Ulifunguka, ruhusa ikiwa juu yake.

"Huu utaingia Ijumaa," alisema. "Haudai ruhusa ya mtu mwengine."

Laila aliendelea. *Usimharakishe mama, pengine ametoka mbali na hajala.* Vidole vikasimama.

"Vipi?"

"Hii si yangu. Hamdan ndiye aliyeiandika hivi hivi."

Laila akaifuta, herufi baada ya herufi. Alitafuta namna yake ya kulisema jambo lile. Haikuja. Nje, muadhini alianza kuadhini magharibi.

"Acha hapo, shemegi. Hatua ya mwanzo imekaa."

"Zimebaki nyingi."

"Tutamalizia kesho, nikirudi Kojani."

Laila akauhifadhi ukurasa, mahali pa sentensi ile pakiwa patupu, akainuka kwenda kutawadha.