Mashati ya Mikono ya Kushoto

Kitendawili changu ni hiki. Nina mikono miwili, yote ya kushoto. Sina kichwa, lakini nimemwinamisha kichwa bosi wangu. Ni nani mimi? Ukishindwa, usinipe mji. Soma tu, jibu utakutana nalo njiani.

Mama Sindano alikuwa na karakana ya kushona sare za shule, ubavuni mwa duka la mikate. Kila asubuhi mkataji alitandaza kitambaa mezani. Washonaji walikanyaga cherehani. Mwisho kabisa, karibu na dirisha, wifi yake Mama Sindano alipiga pasi, akakunja, akafunga mafurushi.

Siku moja Mama Sindano alikwenda semina ya kuboresha kazi. Alirudi amejaa maneno hadi kooni. Alipaka mistari ya njano sakafuni. Alibandika karatasi kubwa ukutani: MABADILIKO.

"Kuanzia leo ni kasi!" alitangaza. "Sitaki maswali, nataka kazi. Nikiuliza 'Tayari?', nijibiwe 'Tayari!'"

Basi kila mtu akawa anajibu tayari. Mkataji alikata rundo, akalisukuma mbele. Washonaji nao wakashona, wakasukuma. Marundo yakapanda hadi mistari ya njano ikafunikwa.

Kabla shule hazijafunguliwa, wifi alisimamisha pasi. Aligeuza shati huku na huku.

"Wifi, hebu njoo uone. Huu mkono..."

"Tangu lini pasi ikawa na mdomo?" Mama Sindano alimkatiza. "Piga pasi, wifi yangu, muda hautungoji."

Watu wakacheka. Wifi akaendelea kupiga pasi.

Siku ya kugawa sare, uwanja wa shule ulijaa wazazi. Mwalimu mkuu alimwita mtoto mmoja avae shati jipya, wote waone. Mkono wa kushoto ulikaa vizuri. Wa kulia ukajipinda. Bega likavutwa, na mpasuo wa kifungo cha penye kifundo cha mkono ukaja mbele badala ya nyuma. Mwalimu akajaribu shati jingine. Yale yale.

"Mama, umetushonea watoto wenye mikono miwili ya kushoto?" akauliza.

"Wangu anaandika kwa kulia, jamani," mzazi mmoja akapaza sauti. "Sasa nimpeleke wapi?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mama Sindano alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Yarekebishe kabla shule haijafunguliwa," mwalimu mkuu akasema. "Ukishindwa, tutatafuta fundi mwingine."

Shule ile ndiyo iliyokuwa inawalisha wote pale karakana. Mama Sindano alirudi amefura, akamrukia wifi yake mbele ya watu.

"Wewe ndiye wa mwisho kuyashika! Ulikuwa kipofu?"

"Macho nilikuwa nayo, wifi," alijibu taratibu. "Mdomo ndio uliosema wewe kwamba sina."

Akazima pasi, akachukua mtandio wake, akaondoka. Safari hii hakuna aliyecheka.

Kesho yake jirani, mwoka mikate, aliingia na unga bado mikononi. Zamani alikuwa msimamizi katika kiwanda kikubwa cha mikate.

"Umekuja kunicheka?" Mama Sindano aliuliza.

"Nilicheka jana, shoga, imetosha. Leo nionyeshe shati linavyozaliwa hapa kwako."

Wakaanzia mezani. Mkataji aliangalia sakafu.

"Nilitandaza kitambaa vibaya," alisema. "Tabaka zote ziliangalia upande mmoja, mikono yote ikatoka ya kushoto. Nilipogundua, nikaogopa."

"Mimi nilijua nilipounga shati la kwanza," mshonaji mmoja akaongeza. "Lakini bosi ulisema hutaki maswali."

Mama Sindano alihisi uso unawaka. Kumbe wote walijua. Asiyejua alikuwa yeye peke yake, mwenye karakana.

"Mimi naoka mkate mmoja kwanza, nauonja," jirani alieleza. "Kama chumvi imesahaulika, nimepoteza mmoja tu. Wewe unajaza tanuri huku umefumba macho. Kateni kidogo. Shoneni shati moja hadi mwisho, mtu alivae, ndipo muendelee. Rundo ni blanketi la makosa, shoga. Na yeyote akiona kosa aseme 'Simama'. Kazi isimame. Mtafute kosa limeanzia wapi, msitafute wa kumlaumu."

"Nitaandika ukutani."

"Ukuta umeshausemesha vya kutosha! Hawa hawasomi ukuta, wanasoma uso wako. Ukikunja ndita, watakuficha tena. Mabadiliko yaanzie hapo, kwenye paji lako la uso."

Mama Sindano alikwenda kwa wifi yake kwa miguu mizito. Alimkuta anachambua maharage.

"Wifi, nakuomba urudi kazini. Lakini radhi sitakuomba hapa."

"Makubwa! Utaniombea wapi?"

"Pale pale nilipokuvunjia heshima."

Akamwomba radhi pale karakana mbele ya wote, cherehani zote zikiwa kimya. "Wifi aliona, nikamziba mdomo," alisema. "Kosa la mkasi lilikuwa dogo. Langu ndilo lililolifikisha shuleni." Macho hakuweza kuyainua.

Wakafumua mikono mibaya. Mkataji akatandaza kitambaa kipya, uso kwa uso, akakata kidogo tu. Shati moja likapita mikononi mwa kila mmoja hadi kwa wifi. Mkataji mwenyewe akaingiza mkono wake wa kulia, ukakaa. Ndipo wakaendelea. Mistari ya njano ikaonekana tena sakafuni.

Mashati yalifika kabla shule haijafunguliwa. Mwalimu mkuu alijaribu moja, akajaribu la pili, akaagiza na sketi. Hata hivyo, mpaka leo Mama Sindano akipita pale shuleni, kuna mzazi humpungia kwa mkono wa kushoto. Mama Sindano huinamisha kichwa kidogo, kisha naye humpungia.

Siku ya kushona sketi, Mama Sindano aliketi mwenyewe kwenye cherehani, akakanyaga mbio mbio.

"Simama!" wifi aliita.

Cherehani zote zikanyamaza. Kila mtu akamtazama bosi usoni.

"Wifi, hiyo sketi unaishona nje ndani."

Uso ukamwaka moto. Ndita zikaanza kujikunja. Akazikunjua, moja moja.

"Asante, wifi yangu."

"Karibu," wifi akasema, akiinua pasi. "Imeshaota mdomo hii. Ngoja iote na meno."