Chungu Kidogo cha Rosina

Kila asubuhi kabla ya shule, Eyotaru alifagia ua na Rosina alikwenda kisimani. Waliishi Ayivu, nje kidogo ya mji wa Arua, nyumbani kwa Mindra, mama yake Eyotaru. Rosina alikuwa mgeni wao tangu mwaka uliopita. Mama yake aliuza nguo mpakani Oraba, akamwomba rafiki yake Mindra amlee bintiye ili asome kwa utulivu. Wasichana hao walisoma darasa moja, walilala kitanda kimoja, na kwa kweli walipendana. Tatizo lilikuwa chungu.

Chungu chenyewe kilikuwa kidogo, cheusi kwa masizi, na kila mwezi kilibandikwa jikoni kwa siku nne. Wengine walipokula ugali wa muhogo na maharage, Mama alikifunua akampakulia Rosina peke yake: majani ya kunde yaliyoungwa kwa karanga na simsim, dagaa, na siku nyingine kipande cha ini. Juu ya hayo, kikombe cha maji ya moto ya tangawizi. Harufu ile ikimfikia Eyotaru, aliyasukuma maharage yake kando.

Sababu aliijua. Rosina alikuwa mwezini, na tumbo lilimsokota. Eyotaru, mwenye miaka kumi na miwili na nusu, alikuwa bado. Lakini wivu una masikio ya kusikia sababu? Hauna! "Mimi niliyezaliwa humu nakula maharage," aliwaza, "na aliyekuja na mfuko mmoja wa nguo anakula ini!" Aliwaza hivyo, akaona haya, kisha akawaza tena.

Jumatatu moja, siku za Rosina zilipowadia tena, alimkuta Mama anaosha kile chungu. Uvumilivu ukamwisha.

"Mama," alisema akitazama chini, "hata mimi nimeanza. Nimeingia mwezini leo."

Mama alipiga vigelegele hadi mbuzi wakashtuka. "Binti yangu! Kumbe umekua!" Akamkumbatia kwa mikono yake iliyolowa. Eyotaru hakukumbuka mara ya mwisho alipokumbatiwa hivyo, naye akanyamaza.

Lo! Laiti angesema ukweli pale pale. Mama alimpigia simu Shangazi Harriet, mkunga katika kituo cha afya huko Koboko. Desturi ya ukoo wao ilikuwa kwamba msichana akivunja ungo, shangazi yake ndiye anayemletea kuku. Kesho yake jioni Shangazi alishuka kwenye bodaboda, kuku mwekundu kwapani na pakiti ya sodo mkononi.

"Huyu nimemlea tangu akiwa kifaranga," alisema akicheka. "Kila asubuhi nilimwambia: wewe ni wa Eyotaru, usithubutu kufa!"

Kuku akachinjwa. Ini, firigisi na mchuzi vikaingia katika kile chungu kidogo, pamoja na majani ya kunde.

"Chungu ni kimoja na wagonjwa wangu ni wawili," alisema Mama. "Mtagawana."

Rosina aliisukuma sahani kwa mwenzake. "Hapana, Mama. Mara ya kwanza haiji mara mbili. Mpe Eyotaru. Mimi niko sawa."

Eyotaru alikula. Jumatano akala tena. Alhamisi asubuhi alishika tumbo akalalamika kidogo, basi Rosina akamwachia hata uji wake wa wimbi, akanywa chai kavu, akaenda shuleni.

Siku hiyo Mwalimu Anguzu alikuwa anachagua mkimbiaji wa kuiwakilisha shule mjini Arua. Rosina alikuwa ameisubiri siku hiyo muhula mzima. Mama yake alikuwa ameahidi kutoka Oraba kuja kumwona akikimbia huko mjini iwapo angechaguliwa, nao walikuwa hawajaonana tangu Krismasi.

Mzunguko wa kwanza Rosina aliongoza. Wa pili aliongoza. Wa tatu miguu ilianza kwenda upande, akaanguka kifudifudi mavumbini.

Eyotaru alivuka uwanja mbio. Rosina alifumbua macho, akamtambua, akamshika mkono.

"Wewe usikimbie," alinong'ona. "Tumbo lako litauma."

Eyotaru aliangua kilio.

Walimrudisha Rosina nyumbani kwa bodaboda. Shangazi, ambaye alikuwa bado hajarudi Koboko, alimlaza, akampa maji na uji mzito, akampima mapigo ya moyo. "Ni njaa hii," alisema kwa mshangao. "Mtoto anatokwa na damu, halafu anakimbia na chai tupu! Chakula chake kimekwenda wapi?"

"Nimekila mimi," alisema Eyotaru. "Shangazi, sijaanza. Nilidanganya. Nilikionea wivu chungu cha Rosina."

Rosina aligeukia ukutani. Shangazi aliitazama pakiti ya sodo juu ya sanduku, haijafunguliwa, kisha akaketi.

"Kuku yule nilimlea kwa ajili ya siku moja tu," alisema polepole. "Siku haijafika, na kuku ameliwa. Siwezi kumchinja tena."

Maneno hayo yalimchoma Eyotaru kuliko fimbo. Mama aliinua mkono kama anayetaka kumpiga, akaushusha.

"Ulidhani ninampenda Rosina kuliko wewe?"

"Ndiyo, Mama."

"Ungeniuliza! Mdomo unao."

Shangazi alimvuta Eyotaru karibu. "Sikiliza. Ini, dagaa na majani ya kunde huusaidia mwili kutengeneza damu. Ule na chungwa au limau, na chai ya majani isubiri baadaye. Tangawizi hupunguza maumivu kwa baadhi yetu. Yakizidi, mtu aende kituo cha afya. Chungu hiki ni cha mwili wenye kazi, hakina kipenzi. Hata wewe unayekua unavihitaji vyakula hivi. Mindra, na wewe pika katika sufuria kubwa, wale wote."

"Umenipata, wifi," alisema Mama.

Asubuhi Eyotaru alimfuata Mwalimu Anguzu, akamweleza yote, hata sehemu ya aibu. Mwalimu alikuna kichwa. Wiki iliyofuata akarudia mbio, na Rosina, aliyekuwa amekula akashiba, aliwaacha wenzake nusu uwanja. Alishiriki mashindano mjini mama yake akipiga kelele kuliko watu wote. Ilimchukua Rosina siku nyingi kumsemesha Eyotaru kama zamani. Muda wote huo Eyotaru ndiye aliyesaga karanga za kile chungu.

Siku ya kweli ilifika mwezi wa Septemba. Aliyeambiwa kwanza ni Rosina. Kuku hakuwepo, na Eyotaru hakuuliza. Aliporudi kutoka kuoga, alimkuta Rosina amechuchumaa mbele ya meko, anakoroga kile chungu kidogo.

"Hii sasa ni ya kweli?" Rosina aliuliza.

"Ya kweli."

"Basi kaa, ule."

Eyotaru alichukua sahani ya pili, akagawa chakula katikati, ini likiwa upande wa Rosina. Mama aliwaona kutoka mlangoni.

"Ukidanganya ili upendwe," alisema, "unapokea kilichokuwa cha mwingine, na chako kinapotea. Mnaona sasa? Kumbe chungu kinatosha."