Doppio ya Fundi Lifti

Simu ilitetemeka juu ya kaunta nikiwa napasha maziwa. Ilikuwa saa tano kasoro asubuhi. Nilijua ni kaka yangu, maana saa nne alikuwa na miadi hotelini na mwanaume ninayempenda.

"Huyo fundi wako hajui anachokunywa. Atajua anayemuoa?"

Nikausoma ujumbe mara mbili, maziwa yakafurika hadi kwenye kidole. Nikafunga mvuke, nikampigia.

Kaka ndiye aliyenilea tangu baba afariki, na kazi yake ni kuonja kahawa kwa kampuni ya wanunuzi. Anavuta kijiko kimoja, anatema, kisha anakwambia buni zilikaushwa vibaya. Watu nao anawapima hivyohivyo. Fundi aliomba mwenyewe kuonana naye, aseme nia yake kabla ya kuleta wazee. Mimi nikamtoa hofu, nikamwambia kaka hana neno.

"Kaka, kumetokea nini?"

"Aliagiza doppio, ikaletwa doppio, nyeusi, kikombe kidogo. Akamwita mhudumu akamwambia wamekosea, eti doppio huja kwenye kikombe kikubwa, ina maziwa na povu. Nikamwelewesha kwa upole. Akanibishia mimi. Anasema ameinywa kila siku kwa miezi mitano, na anayemtengenezea hakosei. Hoteli nzima imegeuka kututazama."

"Alisema hivyo? Kwamba sikosei?"

"Katika yote hayo, ndicho ulichosikia?"

Nilitaka kumwambia kosa ni langu, lakini alikuwa ameshakata.

Sasa niwaambie ukweli, na msinihukumu haraka. Kibanda changu kiko chini ya jengo la ofisi, hatua chache kutoka milango ya lifti. Kahawa naijua, sijisifu. Basi, najisifu kidogo. Siku ya kwanza fundi alikuja na sanduku lake la vifaa, nyuma yake foleni ya mawakili wenye haraka. Akautazama ubao wangu, nikaona kabisa haelewi hata neno moja, ila aibu imemziba mdomo. Akachagua lililosikika la kiume.

"Doppio," akasema, kwa sauti ya mtu anayenunua nyumba.

Nikampa alichoagiza, yaani espresso mbili kwenye kikombe kimoja kidogo, nyeusi tii. Akainywa yote amesimama. Macho yakamjaa machozi, akasema asante, nzuri sana.

Kesho yake karudi, kaagiza ileile. Nikamwonea huruma, au nilikuwa nimeshampenda, sijui kipi kilitangulia. Nikaweka espresso zilezile mbili, nikajaza maziwa ya moto, povu kidogo na sukari. Hiyo ni latte, hata mawakili wanaijua. Akanywa, uso ukamfunguka wote.

"Leo umeipatia hii doppio."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Sikusema, kwa sababu uso ule niliupenda mno. Siku zikaenda, penzi likakolea, na kila asubuhi naandika D kwenye kikombe cha latte kana kwamba sina akili.

Nikampigia fundi mara tatu, hakupokea. Nikamwandikia: "Njoo kibandani. Nina la kukuambia, na aibu yake ni yangu, si yako." Akajibu baada ya nusu saa: "Niko juu ya lifti. Nikimaliza."

Nikamwandikia na kaka. "Tangu siku ya pili nampa latte na kuiita doppio. Hakukubishia kwa ujinga. Alikuwa ananitetea mimi." Kaka aliusoma papo hapo.

Fundi alishuka saa saba. Shati jipya alilomvalia kaka lilikuwa limeshaingia grisi kwenye mkono. Siku zote huzunguka kaunta akasimama upande wangu. Siku hiyo alibaki upande wa wateja.

"Ile ninayokunywa hapa inaitwaje?"

"Latte."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya pili."

Nikamweleza yote, pamoja na machozi yake ya siku ya kwanza. Hakunikatiza. Nilitamani apandishe sauti, ningejua pa kushika, lakini alizungumza polepole.

"Mtu akibonyeza ghorofa ya nne, lifti ikampeleka ya tisa kwa sababu huko kuna upepo mzuri, utasema lifti ile inampenda?"

"Hapana."

"Utasema ni mbovu. Na inafungwa siku hiyohiyo, mimi ndiye ninayeifunga." Akafuta mikono kwa kitambaa. "Uliona sijui, ukaamua niendelee kutojua. Nikakaa mbele ya kaka yako, nikaapa kwamba hukosei."

Nilijua kwamba nikijitetea hata kwa sentensi moja, nimempoteza.

"Nilikudanganya," nikamwambia. "Nimekuaibisha kwa mtu niliyetaka akuheshimu kuliko wote. Nakupenda, na nimekukosea. Nisamehe."

Akauinulia macho ubao, akausoma toka juu hadi chini.

"Nitengenezee zote. Na kila moja uniambie ni nini, kweli tupu."

Nikaanza kazi. Espresso, nikamwambia, ndiyo mama yao, kidogo na kali. Ukiweka mbili ni doppio. Ukiizidishia maji ya moto ni americano. Ukiidondoshea povu la maziwa kidogo tu ni macchiato. Maziwa na povu zito ni cappuccino, na maziwa mengi zaidi na povu jepesi ni latte. Vikombe sita vikajipanga mbele yake, akaonja kimoja kimoja bila kuharakisha.

"Kumbe wote ni espresso?"

"Wote."

"Mtu mmoja ana nguo sita," akasema, "na mimi miezi mitano namwogopa."

Nikacheka, na yeye akacheka kidogo. Nikainua macho, nikamwona kaka amesimama kwenye foleni kama mteja yeyote. Sijui alikuwa amefika saa ngapi. Akasogea kwenye kaunta.

"Haya, fundi. Unaagiza nini?"

"Doppio, kaka."

Nikaitengeneza ile yenyewe. Fundi akainywa nyeusi, bila sukari, hadi tone la mwisho. Akaweka kikombe chini.

"Ni chungu, na siipendi. Lakini ndiyo niliyoagiza." Akanigeukia. "Nimekusamehe. Ila kuanzia leo nikiagiza kitu kichungu, niambie ni kichungu, kisha unipe."

"Nitakuambia, kisha nitakupa."

"Basi nipe latte. Na iandikwe latte."

Kaka alikuwa anamtazama vile anavyotazama kahawa aliyoipenda ila hajataka kusema. Akasema watu wa kumbishia mezani ni wengi, ila huyu alibishana kwa ajili ya dada yake, na akakosea kwa sababu dada mtu alimkosesha. Kisha akamshika fundi bega.

"Shemeji, lete wazee wako."

"Nitawaleta. Ila kwanza nimuulize mwenyewe, ukiwepo." Fundi akazunguka kaunta, akaja kusimama upande wangu, na grisi yake yote. "Utaolewa na mimi?"

Mawakili wawili walikuwa kwenye foleni, wakaacha simu zao.

"Ndiyo," nikasema.

Nikamkabidhi latte yake. Akafunua kikombe, akachungulia ndani, akanitazama mimi.

"Hiyo 'ndiyo' yako ni ile niliyoagiza, au umenibadilishia?"

"Ndiyo yenyewe," nikamwambia. "Sijaongeza kitu."