Kifua Kizima

Vichujio vyote sita vilirudi vyeupe.

Warigia, mpimaji wa hewa ya viwandani, aliviinua kimoja kimoja kwa koleo ndogo, akavitazama kwenye mwanga wa dirisha. Vilikuwa vyeupe pe. Jambo hilo lilikuwa baya kwa sababu mbili. Kwanza, vilikuwa vimeshinda saa nane kwenye kosi za mashati ya watu sita ndani ya kiwanda cha kukoboa kahawa, nje kidogo ya Othaya, mahali ambapo vumbi la makapi humfanya hata paka mweusi azeeke akiwa wa kahawia. Pili, alipoviweka kwenye mizani vilikuwa vizito. Alikuwa amepima vichujio kutoka kwenye machimbo ya mawe, vyeusi tititi, na havikuwa vizito hivyo.

Hewa safi yenye uzito. Fomu haikuwa na mahali pa kuandika kitu kama hicho, ingawa ilikuwa na kurasa kumi na nne na ilitaka kujua rangi ya mlango wa choo.

Fomu hiyohiyo ilimtaka mpimaji aseme kama ana ndugu kiwandani. Warigia alikuwa ametia alama penye "La", huku akijua vyema kwamba Kinyua, kaka yake wa tumbo moja, alikuwa ameisimamia mashine ya kukoboa kwa miaka tisa, na kwamba misimu miwili ya mwisho alikuwa akikohoa hadi anashika ukuta. Alitaka jambo moja tu duniani: karatasi yenye namba na muhuri, itakayomlazimisha meneja aweke mitambo ya kufyonza vumbi, au amwondoe Kinyua pale kabla hajazikwa. Vichujio vyeupe vingemzika.

Kesho yake asubuhi alimvuta kaka yake hadi jikoni kwa Kajuju, mpishi wa chai, akamuuliza zile pampu zilishinda wapi. Kila mfanyakazi alikuwa amefungwa pampu ndogo kiunoni, na mpira mwembamba uliopanda hadi kwenye kosi, ili ivute hewa ileile anayoivuta yeye.

Kinyua aliangalia viatu vyake. "Muriithi alituambia tuzitoe. Ati ni amri ya meneja. Tukazitundika kwa stoo namba tatu mpaka jioni. Hiyo stoo haina vumbi, Warigia. Haijawahi kuwa na vumbi."

Muriithi ndiye aliyekuwa msimamizi wa zamu.

Kajuju aliweka birika chini polepole. "Stoo ya magunia? Kinyua, nyinyi watu mko na akili kweli?"

Alikuwa Mmeru wa Nkubu, lakini aliwahi kuolewa Mombasa miaka kumi na mitano, na ndiye mtu pekee kiwandani aliyeona kwamba jini si jambo la kuchekwa. Akawaeleza kwa sauti ya chini kwamba yale magunia ya katani yalirudishwa kutoka bandarini, na mwaka yaliporudi mpakiaji mmoja alikutwa amelala juu yake, mbavu zimebonyea ndani kama kikapu kilichokaliwa. Ripoti ilisema alianguka. Alianguka kutoka wapi, ripoti haikusema, maana chumba hakikuwa hata na ngazi. Tangu hapo stoo haitumiki. Vumbi halikai mle, alisema Kajuju, kwa sababu mwenye chumba hulila.

Kinyua akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Majini ni ya pwani, alisema alipopata pumzi. Yakija huku Nyeri, baridi ya Julai moja tu itayamaliza. Warigia alisikiliza kwa adabu, kama alivyofundishwa kuwasikiliza mameneja. Kisha akatia vichujio vipya. Mipira ya pampu aliiacha ileile, kwa kuwa kuiosha kungemla nusu siku na yeye alitaka namba zake leo. Akawafunga watu sita kwa mikono yake mwenyewe, akasimama palepale kuwachunga.

Saa nne kasoro, ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya chumvi na mwani na samaki waliooza, katikati ya vilima vya majani chai, safari ya siku nzima kutoka bahari iliyo karibu zaidi. Halafu sauti. Pampu sita ambazo kila moja ilikuwa ikivuma kivyake zikaanza kuvuma pamoja, zikanyamaza pamoja, zikavuma tena, kama mtu mmoja mkubwa anayehema usingizini. Warigia aliinua macho kwenye kosi ya kaka yake, akaona kichujio kimetuna kwa nje, na hapo akaelewa kwamba pampu ile haikuwa ikivuta tena, ilikuwa ikipuliza.

Kinyua alifungua mdomo ili akohoe, lakini kikohozi hakikutoka, kiliingia, kirefu kama kamba inayovutwa na mtu aliye ndani, na wenzake watano wakaanguka magotini huku kitu cheupe kikitoka kwenye kosi zao kumfuata yeye, na alipokwisha kukimeza alisimama wima kuliko alivyowahi kusimama, akamkamata Muriithi kwa taya, akamnyanyua kwa mkono mmoja hadi viatu vikaning'inia, akamgonga kwenye ubavu wa mashine mara moja, mara mbili, mara tatu, hadi mkanda unaozunguka ukadaka mkono wa koti na kisha kile kilichokuwa ndani ya mkono wa koti, na Muriithi alilia kwa sauti ambayo hata mashine haikuweza kuifunika, na aliyekimbia kumwokoa alirushwa kwenye mlango wa chuma kwa nguvu iliyopinda komeo, na damu na makapi vikashikana sakafuni vikawa kitu kama uji.

Kajuju ndiye aliyezima umeme. Akaja na jiko lake la makaa, akafungua fundo la leso, akatupia kipande cha ubani alichokihifadhi tangu ndoa yake ilipokufa. Moshi ukamfunika Kinyua usoni. Akatetemeka, akaketi chini, mikono magotini.

"Umenivuta mwenyewe, binti," alimwambia Warigia. Kinyua, ambaye maisha yake yote alikipasua Kiswahili kama kuni, alizungumza kwa lafudhi ya mji wa kale wa Mombasa. "Siku nzima umenivuta. Amwitaye mgeni humwandalia pa kulala."

"Wataka nini umwache?" aliuliza Kajuju, taratibu.

"Kifua. Hiki kimekwisha kuliwa na vumbi, chanibana. Nipeni kizima, la sivyo nitakipanua hiki."

Huo ndio ulikuwa uchunguzi wa kwanza wa kweli ambao Kinyua alifanyiwa tangu aanze kukohoa. Ubavu mmoja ukalia ndani ya koti lake, kama ukuni mkavu. Kisha wa pili. Midomo yake ilianza kugeuka bluu.

Warigia alitazama vifua vilivyokuwa mle. Vyote vilikuwa vya watu waliokula vumbi miaka na miaka. Hapakuwa na kizima hata kimoja. Ndipo mlango wa ofisi ukafunguliwa. Meneja Moffat, aliyekaa miaka kumi na miwili nyuma ya kioo na mtambo wa kusafishia hewa, na ambaye kila Jumamosi hukimbia kilomita kumi, akaja mbio na leso puani. Akamwinamia Warigia sikioni.

"Madam, hii haiingii kwa ripoti. Tumeelewana?"

Warigia hakufikiri sana, na baadaye hilo ndilo lililomtia aibu zaidi. Alichomoa pampu kiunoni mwa kaka yake, akaishikilia, na kibanio kilichoshika mpira wake akakibana kwenye tai ya meneja.

"Pumua kawaida," alimwambia, kama anavyowaambia wote.

Moffat alirushwa juu hadi kichwa kikapasua taa. Akaanguka, akarushwa tena. Akagongwa ukutani huku na huku kama nguo inayofuliwa, damu ikimtoka masikioni. Kinyua alianguka kifudifudi, akavuta pumzi: pumzi yake nyembamba, mbovu, ya kijijini kwao Giakanja.

Moffat akainuka. Akanyoosha tai. Akauliza, kwa Kiswahili kitamu sana, kama madam angependa chai.

Kifo cha Muriithi kiliandikwa "ajali ya mkanda". Kinyua alifungwa mbavu, akaenda nyumbani Giakanja kufuga mbuzi, na yuko hai. Warigia alirudi kupima tena kama sheria inavyotaka. Meneja alitembea kati ya mashine bila barakoa, na vumbi lilimfuata likaingia puani mwake kama nyuki waingiavyo mzingani. Vichujio vilisoma sifuri. Warigia aliogopa kuandika jambo jingine lolote, akapiga muhuri.

Bodi ilifurahi mno. Haikuwahi kuona kiwanda cha kahawa kisicho na vumbi, kwa hiyo ikampandisha Bwana Moffat cheo, kwa kutegemea ripoti ile, hadi makao makuu Nairobi. Jengo lina watu mia tatu kwenye orofa tisa, na madirisha yake hayafunguki.