Filimbi ya Bwana Yangu Ilirudi, Yeye Hakurudi

Niko mwanamke wa miaka thelathini na moja, mjane, na mtoto sina. Ninakaa Kamina, katika kampi ya watu wa reli. Wasomaji wenzangu, wanaonijua kanisani watashangaa kusoma haya, maana wananiona nikiimba mbele na wanasema, "Huyu mama hana shida." Sina shida! Sikilizeni basi.

Bwana yangu Yosefu alikuwa mashinisti, mwendesha gari la moshi. Kila akikaribia Kamina alivuta filimbi kwa namna yake: mlio mrefu, mifupi miwili, halafu mrefu tena. Ulikuwa mwanzo wa wimbo tulioimba siku ya ndoa yetu. Hiyo njo ilikuwa salamu yake kwangu. Nikiusikia tu, naweka motoni maji ya bukari, ugali wetu, nacheka peke yangu. Hatukumwambia mtu. Ilikuwa siri yetu sisi wawili... au hivyo njo nilivyofikiri.

Mwaka mmoja mvua ilinyesha vibaya. Udongo ulimomonyoka chini ya reli, upande wa Bukama, na mashini yake, ile inayovuta mabehewa, ikapinduka. Walimleta Yosefu amefunikwa blanketi. Mimi nilikuwa na mimba yangu ya kwanza, baada ya miaka mingi ya kuomba!

Baada ya mazishi nilishikwa na woga nisioujua. Moyo unapiga mbio, pumzi inakata, mikono inatetemeka hata kikombe nashindwa kukishika. Munganga wa dispanseri alinipima, akanionya waziwazi: "Mama, tuliza moyo, la sivyo huyu mutoto hatabakia." Nitulize na nini? Dawa ya hapo ilikuwa ya malaria tu!

Nikajaribu wimbo wetu wa ndoa. Nilikaa mlangoni, nikaweka mkono juu ya tumbo, nikauimba polepole, mstari mmoja kwa pumzi moja, na katikati nasema, "Bwana Yesu, nishike." Ilisaidia! Mikono ilitulia, mtoto naye akacheza ndani. Kutoka siku ile, woga ukija, naimba. Niliamini kabisa kwamba kwa njia hii nitamzaa mwana wa Yosefu.

Lakini ukoo wa Yosefu ulikuwa na mambo mengine. Kwa desturi yao, mjane anapewa mdogo wa marehemu. Mdogo huyo alikuwa Samueli, kijana wa maneno matamu, mtia makaa katika mashini, naye alikuwa na mke wake kule Mulongo. Nilikatala. Mimi ni mke wa ndoa ya kanisa, niingie nyumba ya mwanamke mwingine? Hapana! Samueli hakukasirika. Aliendelea kuniletea samaki, ananiita yaya, yaani dada mkubwa, ananiuliza nimelala namna gani. Nilimshukuru Mungu kwa shemeki kama yule... mjinga mimi!

Siku moja mchana, niko ninatwanga, nikasikia. Mlio mrefu. Mifupi miwili. Mrefu.

Mawe, mama yangu wee! Mchi ulianguka. Jirani yangu aliendelea kupepeta unga, kwake ni gari la moshi tu linaingia. Lakini mimi nilijua mkono ule! Na mfu anavuta filimbi namna gani?

Ilirudi tena juma lile, na juma lililofuata. Jambo baya zaidi, wasomaji, ni kwamba filimbi ile ilikuwa wimbo wangu wenyewe. Nikiufungua mdomo niimbe, nasikia mashini. Dawa yangu ikageuka sumu. Nilijaribu kuomba bila kuimba, maneno hayakutoka. Usingizi ulihama. Wenzangu wa kwaya waliponiuliza nina nini, nilitabasamu nikasema ni uchovu wa mimba. Ningesema nini? Kwamba marehemu ananipigia filimbi? Wangesema nimerogwa!

Nilimwambia mtu mmoja tu. Nani? Samueli! Alinisikiliza, akashika kichwa, akatoa machozi kabisa.

"Yaya, njo yeye," alisema. "Iko anakuita. Ana kasirani juu weye unakatala nyumba ya ndugu yake. Kubali, atalala."

Hata hapo sikukubali. Lakini maneno yale yaliingia ndani yangu yakakaa.

Halafu ikafika ile siku. Nilikuwa kwenye bomba la maji na wanawake wengine. Filimbi ikalia, karibu sana, ndefu kuliko siku zote. Sijui nini kilinishika... nilikimbia kuelekea reli nikipiga kelele, "Yosefu, niache! Niachie mutoto!" Sikuona mfereji. Niliangukia tumbo.

Alikuwa mwana wa kiume. Hakulia.

Aliyenifulia nguo za damu ni Mama Rebeka, kiongozi wa kwaya yetu, mwanamke asiyejua kupamba maneno. Kwake nikatapika yote: filimbi, wimbo, Samueli. Akawaka.

"Mufu hana mukono wa kuvuta kamba!" alisema. "Ile filimbi iko na mutu. Ukipata nguvu, twende tumuone."

Nilipoweza kutembea alinishika mkono tukaenda gare, pale gari la moshi linaposimama, mchana kweupe. Filimbi ikalia vilevile. Gari likaingia. Juu ya mashini nikamwona Samueli, mkono wake bado uko kwenye kamba. Kumbe! Miaka yote, ila safari ile ya mwisho tu, alikuwa akimtilia kaka yake makaa, amesimama nyuma ya mgongo wake, anamwona akivuta. Mashini haina mtu mmoja, na mimi, mke wa reli, nilisahau jambo hilo!

Mashinisti mpya, mtu mwema asiyejua kitu, akanipungia kofia kwa furaha.

"Mama, bibi ya Yosefu! Unasikiaka salamu yetu? Samueli alisema njo weye uliomba, ati inakutuliza moyo!"

Samueli alitazama makaa.

Wasomaji, wimbo ni dawa, siwadanganyi. Mama Rebeka alinifundisha nyimbo nyingine, nikaimba katikati ya wenzangu, na pumzi yangu ikarudi kidogo kidogo. Lakini mimi nilikuwa nimejifungia peke yangu na wimbo wangu, nikawaficha waliokuwa wananipenda, nikamfungulia mlango mmoja tu, na huyo njo alikuwa adui. Dada zangu, nawasihi! Imbeni, ombeni, lakini semeni pia. Mwambieni mama kanisani, mwambieni jirani, mwambieni munganga. Woga wenu usijulikane na mtu mmoja tu.

Samueli aliungama mbele ya kanisa, akalia, akapokewa. Mchungaji ananiuliza kama nimemsamehe. Namjibu kwamba ninaomba niweze, na ninaomba kweli. Halafu Jumapili inafika, tunasimama kuimba, naye anafungua mdomo kule kwenye mabenchi ya wanaume. Sauti yake ni ya kaka yake kabisa. Sasa mnajua kwa nini ninaimba kwa nguvu kuliko wote... ninaimba nisimsikie.