Kipande Kutoka CD ya Muteti

Chai ilichemka ikamwagika jikoni, na Kathini hakusikia. Macho yake yalikuwa kwenye kompyuta.

"Mama Kaluki, leo tunakunywa moshi?" mumewe Maundu akauliza.

"Ngoja kidogo. Hii kitu imenichanganya kabisa."

Kathini alikuwa katibu wa chama cha wafugaji wa kuku wa Kitengela na Isinya. Chama kilinunua chanjo kwa pamoja. Chupa moja hutosha kuku wengi, na ikishafunguliwa lazima iishe siku hiyo hiyo. Kwa hiyo kila mwanachama alipaswa kuijua siku ya chanjo. Kathini aliandika programu ya kompyuta iliyowatumia wote ujumbe kwa simu, nayo ilifanya kazi vizuri mpaka stima ikaunguza kompyuta. Mwezi huo aliwapigia simu mmoja mmoja, akamsahau Lorna wa Isinya. Ugonjwa wa Gumboro ukaua vifaranga wote wa Lorna.

Wanachama walikasirika. Walisema wakisahauliwa tena, kila mtu atajinunulia chanjo yake. Wenye kuku wachache hawangeweza kununua chupa nzima. Na chanjo ilikuwa kesho.

Sasa Kathini alikuwa na kompyuta mpya. Programu haifanyi kazi kabla kompyuta haijaunganisha vipande vyake vyote. Huko ndiko kuijenga programu. Lakini hii iligoma kujengeka. Mistari myekundu ilijaa kwenye kioo.

"Na sijabadilisha kitu," Kathini alisema. "Ni programu ile ile."

Alisoma mstari wa mwisho, akarekebisha. Mistari ikaongezeka. Akafuta, akarudisha, akafuta tena, hadi hakujua alianzia wapi. Alitaka kulia.

Maundu alitoka, akarudi na jirani yao Naeku, aliyeshughulikia kompyuta kwenye shamba la maua huko Isinya.

"Supa, Mama Kaluki," Naeku alimsalimu kwa Kimaasai.

"Ipa. Naeku, nimeshindwa."

"Toa mikono hapo kwanza. Uko na kopi ya kazi yako, kabla uanze kurekebisha?"

"Iko kwa flash."

"Rudisha hiyo. Jenga tena, halafu usome mstari wa kwanza. Hiyo mingine inaweza kuwa imeletwa na huo."

Mstari wa kwanza ulitaja kipande kinachotuma ujumbe kwa simu. Kathini hakukiandika yeye. Kiliandikwa na watu wengine, naye alikitumia tu.

"Hiki ulitoa wapi?" Naeku aliuliza.

"CD ya Muteti, tukiwa college. Darasa lote tulitoa huko."

Maundu akacheka. "Muteti mwenyewe siku hizi ni pastor."

"Basi ni hapo," Naeku alisema. "Kompyuta ni mpya, na programu ya kujengea umeweka mpya. Hiki kipande ni cha zamani. Haviendani."

"Mbona basi kompyuta inaonyesha makosa kwa kazi yangu?"

"Kazi yako ndiyo inakiita. Kikikosa kuitika, unalaumiwa wewe."

Kathini alikuna kichwa. Kwa hiyo alikuwa ameharibu kazi nzima akitafuta kosa ambalo hakufanya.

Walienda cyber kutumia intaneti. Naeku alimwonyesha tovuti ya waliotengeneza kipande hicho. "Chukua hapa kwa wenyewe, si kwa CD ya mtu. Lakini soma kwanza wamebadilisha nini, na kama toleo hili linaendana na programu yako ya kujengea."

Liliendana. Amri moja tu ilikuwa imebadilishwa jina. Nyumbani Kathini aliweka kipande kipya, akajenga. Kosa moja likabaki. Akarekebisha lile jina, akajenga tena. Hapakuwa na mstari mwekundu hata mmoja. Akaandika ndani ya programu ni toleo gani ametumia, kisha akatuma ujumbe.

Simu yake ikalia. Alikuwa Lorna.

"Mama Kaluki, message imeingia. Ni kesho saa tatu?"

"Ni kesho saa tatu, Mama Leshan."

Lorna akaongeza, "Nilinunua vifaranga wengine. Sikukuambia. Niliogopa utanisahau tena."

Kathini alishikwa na uchungu. "Njoo na thermos ya barafu ya kubebea chanjo," alisema. "Sehemu yako iko."

Chama hakikuvunjika. Vifaranga wa Lorna walikua, wakaanza kutaga. Siku moja alibisha mlangoni kwa Kathini akiwa na trei ya mayai.

"Haya ni ya kwanza," Lorna alisema. "Sijauza hata moja. Nimeanzia kwako."