Wakwe Zangu Walijivunia Jina la Kisogo

Nina miaka thelathini na minne, mzaliwa wa Wete, Pemba. Sasa hivi napanga chumba Selly Oak, mjini Birmingham, Uingereza, kwenye nyumba ya wanafunzi wanaochemsha tambi saa zote na kuacha sufuria bila kuosha. Sina mume. Nilikuwa naye... na haya ninayoyaandika ndiyo yaliyonitoa kwake.

Wasomaji wenzangu, mkitaka kucheka chekeni. Hata mimi siku nyingine hucheka, halafu najikuta nalia.

Niliolewa na Sule, kijana aliyeletwa Birmingham angali mdogo, akakulia Sparkhill, nyuma tu ya maduka ya Stratford Road. Alikuja Pemba likizo, akaniona harusini, akanipenda nami nikampenda. Sura alikuwa nayo! Maneno matamu alikuwa nayo pia, ingawa nusu yake yalikuwa ya Kiingereza. Sikujua kwamba nilikuwa naolewa na marehemu babu yake.

Maana katika nyumba ile babu hakufa. Picha yake ilitundikwa sebuleni, kubwa kuliko televisheni. Mgeni hajamaliza kuvua viatu, mama mkwe wangu, Bi Zuwena, ameshaanza hadithi. Eti zamani huko Pemba mfidhuli mmoja alimtukana dada yake babu mbele za watu. Babu akamwita uwanjani, wawili tu, bakora kwa bakora, mmoja arudi kwao na mwingine akazikwe. Babu akamuua! Tangu hapo akaitwa Kisogo, alisema Bi Zuwena, kwa sababu kila adui alipomwona alikimbia, yeye akabaki kuona visogo vyao tu.

Jina lenyewe wakalishika kwa meno. Sule aliandikishwa kwa jina hilo. Duka lao la nguo liliitwa hivyo. Gari lake lilikuwa na kibao cha namba kilichonunuliwa makusudi kisomeke Kisogo. Watoto wa nyumba ile hawana Kiswahili cha kuombea hata maji, lakini muulize yeyote yeye ni nani. "I'm a Kisogo!" atakwambia, kifua mbele. Hebu wewe unayekijua Kiswahili jaribu kulitamka jina hilo bila kucheka. Ni kama mtu kujigamba kwamba anatoka ukoo wa Kiwiko!

Mimi sikuruhusiwa kucheka, kwani nilikuwa binti wa mkwezi. Baba yangu aliangua nazi za watu, akatulisha na kutusomesha kwa kazi hiyo. Bi Zuwena alipenda kuwaambia wageni, nami nimesimama pale na sinia la chai, kwamba kwetu ni juu ya mnazi. Wageni walicheka. Sule naye alicheka, halafu chumbani ananiambia, "Babe, mama is only joking." Na jina langu, Riziki, yule mama hakulitaja. Alikuwa akiniita "huyu". Huyu alete chai. Huyu amechoma wali.

Mtanilaumu kwa nini nilivumilia. Nilimpenda mume wangu, na nilikuwa mbali na kwetu. Nilichokitaka ni kitu kidogo tu, nihesabiwe mtu katika nyumba ya mume wangu.

Basi, wifi yangu Salma akaposwa na familia moja ya Leicester, Wazanzibari wenye uwezo wao. Wakwe wale walikuwa na desturi ya zamani ya kuulizia asili. Bi Zuwena akaona huo ndio wakati wa kumtoa babu sandukuni! Akaniita, akanikalisha kwenye kochi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akaniambia mimi ndiye mwenye watu Pemba na Kiswahili cha kuulizia. Niutafute ukoo wa babu, ule mpambano ulikuwa wapi, nani aliuona. Yote yasimuliwe siku ya walima, karamu ya harusi, mbele ya wakwe.

"Ukinifanyia hilo," alisema, "nitakuita mwanangu."

Jamani! Mwanangu! Nilitoka pale nikiwa na furaha ya mtoto siku ya Idi.

Nikampigia ami yangu Wete, mtu anayejua nani alizaliwa wapi na nani alimrithi nani. Akanitajia baba wa babu, na babu wa babu, na kijiji walichohama. Nilipofika kwenye jina la Kisogo, akanyamaza. Nikadhani simu imekatika. Kumbe anajizuia kucheka!

"Hao watu bado wanajiita hivyo?" akaniuliza. "Huko Ulaya? Wenyewe?"

Nikamwambia hata gari linaitwa hivyo. Ami akacheka mpaka akakohoa, kisha ghafla sauti ikabadilika. Akasema hilo si jambo la kulisema yeye. Mwenye jambo lake yuko huko huko Birmingham, na anaitwa Bi Time.

Bi Time nilikuwa namfahamu kwa mbali. Bibi mwembamba wa Ladywood, anayekaa kwenye ghorofa refu karibu na katikati ya mji. Kwenye maulidi Bi Zuwena na wanawe walikuwa wakimwamkia shikamoo kama wanavyomwamkia bibi yeyote, naye akiitika marahaba. Nikapanda basi, nikaenda.

Nilimkuta anatazama mashindano ya maswali kwenye televisheni, sauti juu, ingawa Kiingereza hakijui. Aliniambia anapenda kuona watu wanavyojifanya wanajua. Nikamweleza nilichofuata. Akaizima televisheni.

"Wao ndio waliokutuma, au umekuja mwenyewe?"

Nikasema wamenituma. Akasema, "Haya. Ukiulizwa, useme nimekwambia mimi."

Hakukuwa na dada aliyetukanwa. Hakukuwa na adui. Ilikuwa harusi, na watu walikuwa wakicheza kirumbizi... Wasomaji wa bara huenda hamkijui. Zumari inapigwa, ngoma zinalia, wanaume wawili wanaingia duarani na bakora. Huyu anarusha, yule anakinga, na watu wanashangilia. Ni mchezo, na una adabu yake. Mwenzako bakora ikimtoka mkononi, unashusha ya kwako na kungoja.

Babu yao, kijana wakati huo, aliingia akashindwa. Akarudi akashindwa tena. Watu wakamcheka, kama wanavyochekwa wote wanaoshindwa. Aliyekuwa akimshinda alikuwa kaka wa Bi Time. Mara ile ya mwisho bakora ya kaka huyo ikaanguka. Akainama kuiokota, naye anacheka... na yule shujaa wao akampiga kisogoni!

Kabla ya magharibi alikuwa ameshakufa. Alimwacha mke mjamzito.

Wakubwa wakasema ilikuwa bahati mbaya ya mchezo, yakaishia hapo. Lakini watoto hawakunyamaza. Kila babu yao alipopita walimzomea kwa nyuma, "Kisogo! Kisogo!" Lilikuwa jina la aibu, hakupewa na mtu kwa heshima. Likamkimbiza Pemba akahamia Unguja, likamfuata, na huko kwa wasiojua akaligeuza kuwa sifa. Halafu wanawe na wajukuu zake wakaja kulibandika mlangoni kwa taa za rangi! Debe tupu kweli haliachi kuvuma.

Nilimuuliza Bi Time kwa nini hakuwahi kusema miaka yote hii. Akaniuliza, angemwambia nani? Hakuna aliyemuuliza. Akasema kitu kimoja tu ndicho kilichomkaa moyoni, kwamba mtu yule hakuja msibani, na nyumba yake haikutuma mtu. Hataki fidia wala hana ugomvi. Ila kabla hajafa angependa mmoja wa nyumba ile aje kuketi naye na kumwambia samahani.

Nilirudi Sparkhill. Nilimsubiri Sule amalize kula, nikamweleza yote. Sikumcheka, wallahi! Nilimwambia hili si kosa lake, yeye hakuwepo. Nikamsihi aiache hadithi ile siku ya walima, na amwendee Bi Time kumwomba radhi.

Sule akainamisha kichwa. Macho yakamlengalenga. Akanishika mikono.

"Babe, nimekuelewa," alisema. "Mwalike yule bibi kwenye walima. Nitamwomba samahani pale pale, mbele ya kila mtu. I swear down."

Machozi ya mwanamume yana kazi gani kama si kutupumbaza sisi wanawake? Niliamini. Nikaenda Ladywood mwenyewe, nikamwambia Bi Time siku imefika. Bibi wa watu akatoa kanga mpya kabatini. Akaniomba nimfunge vizuri, kwa sababu mabega yanamuuma.

Siku ya walima ukumbi ulijaa. Wanaume upande huu, wanawake upande ule, wakwe wa Leicester mbele kabisa. Nilimketisha Bi Time karibu na jukwaa na kigari chake cha kutembelea. Bi Zuwena akapita, akanishika shavu, akasema, "Mwanangu, umependeza." Mwanangu! Nilikuwa nimelingoja neno hilo muda wote ule, na nilipolipata nikaona aibu kulifurahia. Kumbe lilikuwa kilemba cha ukoka!

Sule akachukua kipaza sauti. Akasalimu, akamsifu dada yake. Mimi nikaushika mkono wa Bi Time...

Akaanza. Zamani Pemba, mfidhuli mmoja alimtukana dada yake babu... Sikuamini masikio yangu! Alisimulia yote, bakora kwa bakora, na safari hii akaongeza damu na radi. Aliporusha mkono kuonyesha pigo la mwisho, wanaume wakapiga meza na wanawake wakapiga vigelegele. Na mkono wa Bi Time ulikuwa ndani ya wangu, mkavu, hautingishiki.

Hakuishia hapo. Akasema utafiti ameufanya mke wake kipenzi, na kwamba tunaye hapa shahidi wa mwisho aliyeuona mpambano ule kwa macho yake. Akamnyooshea kidole! Watu wakampigia makofi. Makofi, jamani, mtu aliyeuawa kaka yake! Mpiga picha akaja kumwomba atabasamu.

Nilisimama. Sijui nilipataje sauti. Nikamwambia mume wangu, mbele ya wakwe wa Leicester na mbele ya biriani, anijibu swali moja.

"Huyo aliyekufa aliitwa nani?"

Sule akafungua mdomo. Akamtazama mama yake. Mama yake akaitazama sahani. Meza nzima ya wajukuu wa shujaa, watu waliokula kwa kifo cha mtu yule, wakavaa kwa kifo chake, hakuna aliyejua jina lake! Hawakuwahi hata kulibuni. Kijana mmoja wa kwao akanong'ona, "Was he, like, important?"

Bi Time akajiinua kwa kushika kigari chake. Hakuhitaji kipaza sauti.

"Aliitwa Faki," alisema. "Alipigwa kisogoni ameinama, na ndiyo maana mnaitwa hivyo. Sasa mtu anirudishe kwangu."

Akatoka. Nilipomfuata, Bi Zuwena alinidaka ukaya wa kichwani, akaniita mwana wa mkwezi, mchawi, nyoka. Nyuma yetu wakafungulia taarabu kwa nguvu. Mlio wa vijiko ukarudi kabla hatujaufikia mlango. Biriani haiachwi kwa ajili ya maiti wa zamani!

Kwenye teksi nilimwomba Bi Time anisamehe kwa kumpeleka pale. Alikuwa ameegemea dirisha na kanga yake mpya. Akasema hana la kunisamehe. Alikuwa amejiandaa, alisema, hata maneno ya kumjibu Sule alikuwa ameshayapanga. Kisha akalia, kimya kimya, mpaka Ladywood.

Sule alinipa talaka kwa ujumbe wa sauti. Hakuthubutu kunitazama. Alisema nimeivunja heshima ya ukoo. Wiki haijaisha akatuma ujumbe mwingine, ananiomba yale majina ya baba wa babu na babu wa babu niliyopewa na ami yangu, eti wakwe wanayahitaji. Huyo ndiye mwanamume niliyemlilia!

Na msidhani walipata adhabu. Salma aliolewa. Duka liko pale pale Stratford Road, na jina lake linawaka kila jioni. Aliyefukuzwa ni mimi, na aliyekufa bila kuombwa radhi ni Bi Time. Alizikwa mwaka huu, wakati mvua inanyesha. Nilisimama pembeni na wanawake wachache, nikiangalia barabarani mpaka mwisho, nikidhani labda lile gari litatokea. Halikutokea.

Dada zangu, nawaombeni. Msiolewe kwa sifa za marehemu. Ukitaka kuujua ukoo wa mtu, usimuulize mwenyewe, waulize waliozika kwa sababu yake. Na mchumba akikusimulia jinsi babu yake alivyoua mtu kishujaa, mwache amalize, mmiminie chai, kisha muulize jina la maiti. Akibabaika, chukua mkoba wako uondoke, chai aimalize peke yake.